Binti yangu anataka kuwa mpiga piano wa matamasha. Je, nikate miti?

*"Binti yangu ana miaka 14, yuko Kidato cha Pili hapa Mafinga. Anapiga kinanda cha kanisani tangu darasa la tano. Mwalimu wa kwaya alimfundisha kwa solfa, na sasa ibada zote mbili za Jumapili anapiga yeye. Tangu mwaka jana anatazama kwenye simu yangu wale wapiga piano wa Ulaya wanaovaa nguo nyeusi na kupiga saa nzima bila karatasi, na ametutangazia nyumbani kwamba anaitaka kazi hiyo. Kila siku anafanya mazoezi kwa muda wa saa nne kwenye kinanda chetu cha vibonyezo 61. Miezi miwili sasa kifundo cha mkono wa kulia kinamuuma. Mwalimu wake anasema ni mkono unakomaa. Wengine wanasema ameshachelewa, kwamba wenzake huko walianza na miaka minne. Nina ekari tatu za paini, zimefikisha miaka tisa. Kuna mtu Iringa mjini anauza piano ya zamani, ile ya mbao ya kusimama. Shemeji ananishauri nivune sasa, ninunue piano, na itakayobaki tumpeleke nje, kwa kuwa hao watu wakifanikiwa wanakuwa matajiri. Na jambo moja zaidi: akijua atapiga mbele ya watu wengi, anatapika. Nifanye nini?"*

Kamwene, baba. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, kwetu ningekuambia ugonile, ila miaka niliyofundisha piano Iringa imenizoesha salamu yenu. Barua yako inahangaika zaidi na miti. Mimi naanza na mkono, kwa sababu paini zinaweza kusubiri na mkono hauwezi.

Mwalimu wa kwaya namheshimu. Mtu aliyemfikisha mtoto kwenye ibada mbili kwa solfa na kinanda kimoja amefanya kazi kubwa. Hapa lakini amekosea. Mkono wa mpiga piano haukomai kama kiganja cha mkulima kinavyoota sugu. Misuli inayokunja na kunyoosha vidole sehemu kubwa iko kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo. Inavivuta vidole kwa kano, ambazo ni kama kamba nyembamba ngumu, na kano hizo hupita kwenye njia finyu pale kifundoni. Kifundo kikikaa kimepinda, labda kwa sababu kiti ni kifupi, kano zinasugua kingo za njia ile kila kidole kinaposhuka. Rudia hivyo mara elfu kadhaa kwa siku. Panavimba, uvimbe unaibana njia, na njia ikibanwa msuguano unazidi. Kuendelea kupiga juu ya maumivu ya namna hiyo ni kuongeza kuni.

Na usihesabu kinanda peke yake. Binti wa umri huo Mafinga anachota maji, anafua, anashika jembe, halafu anaandika daftari siku nzima darasani. Kano ni zile zile.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Nikiwa mwanafunzi ughaibuni, wiki chache kabla ya mtihani mkubwa, mkono wangu wa kushoto ulianza kuwaka moto kuanzia kifundoni hadi kiwikoni. Mwalimu niliyekuwa naye wakati ule akaniambia nikaze. Nikakaza. Miezi saba sikugusa piano, na mtihani nikaufanya mwaka uliofuata, nikiwa nimepoteza nafasi niliyokuwa nimeahidiwa. Naye alifundishwa hivyo hivyo na waliomtangulia. Historia ya piano imejaa mikono iliyoharibika. Robert Schumann, Mjerumani, aliharibikiwa mkono wa kulia akiwa kijana, ndoto ya jukwaa ikaishia hapo, akabaki mtunzi. Mmarekani Leon Fleisher alikuwa kileleni mwaka 1964 vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipoanza kujikunja vyenyewe. Kwa miaka mingi alipiga tungo za mkono wa kushoto tu. Ugonjwa wake ni mwingine kabisa na huu ninaoudhania kwa binti yako, kwa hiyo usilale na hofu hiyo. Namtaja kwa sababu mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akijizidishia mazoezi.

Miezi miwili imetosha kumpeleka hospitali. Aanze na hapo Mafinga, na wakiona inafaa wampe rufaa Hospitali ya Mkoa Iringa. Uliza kama yupo mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa tiba ya mambo haya mara nyingi ni ya mazoezi na mapumziko kuliko dawa. Mrekodi kwa simu akiwa anapiga, dakika mbili, upande wa kulia, kamera ikiwa usawa wa mkono, umwonyeshe daktari. Akianza kufa ganzi usiku, akisikia kuchomachoma kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata, au akiangusha kikombe bila sababu, usisubiri hata siku moja. Diklofenaki ya duka la dawa asimeze ili apate kufanya mazoezi. Hiyo ni kuzima kengele moto ukiwa bado unawaka.

Mpaka aonwe na daktari, mkono wa kulia upumzike. Ibada mojawapo apige mtu mwingine, nyingine waimbe bila kinanda. Wahehe na Wabena tangu lini wakashindwa kuimba sauti nne bila ala? Daktari akimruhusu kurudi, arudi kwa dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni, aongeze dakika tano kila baada ya siku chache, na asivuke nusu saa bila kusimama. Kiwiko kiwe usawa wa vibonyezo, au juu kidogo. Viti vingi vya plastiki ni vifupi kwa kinanda kilichowekwa mezani, kwa hiyo akalie blanketi lililokunjwa au ubao. Na Juni na Julai huko kwenu, ambako hata chai inapoa kabla hujaimaliza, achovye mikono kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Asione haya. Glenn Gould wa Kanada, mmoja wa wapiga piano mashuhuri wa karne iliyopita, alikuwa na desturi hiyo hiyo ya kuloweka mikono kabla ya kupiga.

Sasa kinanda chenyewe, maana sehemu ya maumivu nadhani inatoka huko. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Idadi si tatizo kubwa. Mtoto anaweza kwenda mbali kabla ya kuishiwa vibonyezo 61. Tatizo ni kinachotokea chini ya kidole. Kwenye piano ya kweli unaposhusha kibonyezo, sentimita moja tu hivi, unairusha nyundo ndogo iliyovikwa felti iende kugonga waya. Kabla tu haijafika, nyundo inajiachia, inaruka peke yake. Kuanzia hapo kidole hakina amri tena. Sauti itakuwa kubwa au ndogo kutokana na kasi uliyoipa nyundo, basi. Ufundi wote wa piano, ule unaomfanya binti yako aangalie simu kwa saa nzima, umo ndani ya sentimita ile moja: kuipa nyundo kasi unayoitaka, kidole kwa kidole, hata pale ambapo vidole vinne vinashuka pamoja na kimoja tu ndicho unachotaka kisikike kikiimba.

Vinanda vingi vya nyumbani na vya makanisani havina nyundo. Vina springi. Vingine hata havitofautishi kidole kilichogusa na kilichogonga, kwa kuwa ukubwa wa sauti unatoka kwenye kitufe cha pembeni. Mtoto mwenye hisia akikaa hapo anataka wimbo upande na ushuke, haupandi, anabonyeza kwa nguvu zaidi, haupandi, anakandamiza hadi chini na kushikilia. Kwa saa nne. Kifundo kinalipa.

Halafu kuna siri ya sisi tuliokulia kwenye vinanda vya kanisani, na nitaitoa hadharani: transpozi. Wengi wetu tulipiga kila wimbo kwa C, vidole kwenye vyeupe, mwalimu wa kwaya akisema wimbo uko juu au chini tunabonyeza kitufe na maisha yanaendelea. Kanisani haina kosa. Lakini piano haina kitufe hicho, na mtoto aliyekitegemea miaka minne anajua kii (sauti ya msingi ambayo wimbo unajengwa juu yake) moja kati ya ishirini na nne. Muulize binti, bila kumwaibisha. Jibu lake litanieleza mengi kuliko video.

Solfa aliyofundishwa usiidharau, na usikubali mtu amwambie amepotezewa muda. Masikio yanayojua kwamba hii ni *so* na ile ni *ti* inayotamani kwenda *do* ni mtaji ambao wanafunzi wengi wa Ulaya hawana. Kinachokosekana ni kusoma nota za mistari mitano, na hilo kwa umri wake ni kazi ya miezi, si ya miaka. Nyimbo za kitabuni zilizoandikwa kwa sauti nne ndizo darasa zuri la kuanzia, kwa sababu maneno na sauti tayari anavijua.

Ile piano ya Iringa sijaiona, na bila kuiona nakuomba usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Piano ya zamani inaweza kuwa baraka au kabati zito. Ndani yake kuna nyaya zaidi ya mia mbili, na mvutano wake kwa jumla unafika tani kumi na kadhaa, zinazoshikiliwa na pini zilizopigwa kwenye ubao. Ubao huo ukipasuka, pini zinalegea, na piano haishiki sauti tena hata uitwe fundi kila wiki. Nyanda zetu hizi nazo ni mtihani kwa mbao. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa ina unyevu, mbao inavimba, sauti inapanda. Ukija ukavu na baridi ya katikati ya mwaka, mbao inasinyaa, sauti inashuka. Miaka arobaini ya kupanda na kushuka bila kutuniwa, yaani kurekebishwa sauti, huacha makovu.

Ukienda kuitazama beba tochi. Mwombe mwenye mali afungue kifuniko cha juu na ubao wa mbele chini. Tafuta kutu kwenye nyaya, nondo kwenye felti, kiota cha panya, na njia za mchwa kwenye miguu na mgongoni. Bonyeza kila kibonyezo mara moja, vyote 88, uhesabu visivyorudi. Pakua kwenye simu programu ya kutuni gitaa, bonyeza A ya katikati: inatakiwa isome 440. Ikisoma karibu na 415, piano nzima imeshuka kwa nusu sauti, na kuipandisha kunaweza kukata nyaya za zamani. Kisha mlipe fundi wa kutuni aje aikague kabla ya malipo. Mafundi hao ni wachache nchini, pengine utamlipia nauli na malazi kutoka mbali, na hapo utakuwa umejifunza jambo la pili: gharama ya piano ya mbao haiishi siku ya kuinunua. Inatakiwa kutuniwa angalau mara mbili kwa mwaka.

Kwa hali yako ningechagua piano ya umeme ya vibonyezo 88 vyenye uzito, ile iliyotengenezewa ndani nyundo bandia. Mpya za kuanzia bei inapita shilingi milioni moja, zilizotumika zinashuka. Haihitaji kutuniwa, inakubali hedifoni usiku wakati wadogo zake wamelala, na kidole kinajifunza uzito wa kweli. Umeme ukikatika hasikiki, hilo ndilo baya lake. Akifika mahali ambapo hiyo haimtoshi, mwalimu yeyote mzuri atajua, naye mwenyewe atajua kabla ya mwalimu.

Kuhusu kuchelewa. Waliokuambia hivyo wana nusu ya ukweli. Mashindano ya piano ya Chopin ya Warsaw, Poland, yaliyoanza mwaka 1927 na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitano, hupokea vijana wa miaka 16 hadi 30, na wengi wanaopanda jukwaa lile waligusa piano kabla ya kuanza shule. Binti yako ana miaka 14 na bado hajagusa piano yenye nyundo. Kwa njia hiyo moja, ya mashindano makubwa na jina la kimataifa kabla ya miaka 25, uwezekano wake ni mdogo sana, na nikikuambia vinginevyo nitakuwa nakuuzia mbuzi kwenye gunia. Hata aliyeanza na miaka minne uwezekano wake ni mdogo. Zawadi ya kwanza ni moja.

Nusu nyingine ya ukweli ni watu kama Sviatoslav Richter, mpiga piano wa Kisovieti. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri huko Odessa. Mtoto alijifunza zaidi peke yake, kwa kusoma nota za opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, na kuzipiga. Alipokuwa kijana mdogo alisindikiza waimbaji kwa piano, akaajiriwa kwenye jumba la opera la mji, na alipokwenda Moscow mwaka 1937 kuomba nafasi kwa mwalimu Heinrich Neuhaus alikuwa na miaka 22. Akawa mmoja wa wakubwa wa karne nzima. Simtumii kukupa matumaini ya bure, Richter mmoja hafanyi msururu. Lakini ona alichokuwa anafanya katika ile miaka ambayo wengine walikuwa wanashindana: alikuwa anasoma nota nyingi na kuwasindikiza watu. Kazi hiyo binti yako anaifanya kila Jumapili.

Na ni kazi gani hasa anayoitaka? Hapa ndipo simu inapodanganya, kwa sababu inaonyesha saa moja ya mwanga na kuficha siku ishirini na tisa. Mpiga piano wa matamasha hana mshahara. Analipwa kwa kila tamasha, na tamasha hupangwa mwaka mmoja au miwili kabla. Wakala wake huchukua sehemu, mara nyingi asilimia 15 hadi 20. Nchi anakopiga inakata kodi. Nauli, hoteli na nguo mara nyingi vinatoka kwenye kilichobaki. Akiumwa, halipwi. Anafika mji asioujua, anakuta piano asiyoijua, kwa kuwa karibu wote hupiga piano ya ukumbi, na ana saa chache za kuizoea. Kama ni koncheto, yaani piano pamoja na okestra, mazoezi na okestra ni mara moja au mbili tu. Baada ya onyesho kuna kusalimiana na wafadhili, kutabasamu, kusaini karatasi. Halafu chumba cha hoteli. Asubuhi uwanja wa ndege, na mahali fulani katikati saa tano za mazoezi.

Wapo ambao jukwaa liliwashinda wakiwa kileleni. Gould aliacha matamasha mwaka 1964, akiwa na miaka 31, akajifungia studio. Vladimir Horowitz alikaa miaka kumi na miwili, 1953 hadi 1965, bila kupiga hadharani. Martha Argerich wa Argentina, aliyeshinda Warsaw mwaka 1965, kwa miongo mingi amekwepa kupiga peke yake jukwaani, anapenda kupiga na wenzake. Nilipokuwa kijana niliyaona haya kuwa madoido ya watu mashuhuri. Baada ya matamasha yangu machache, kwenye kumbi ndogo za watu mia mbili, niliwaelewa vizuri sana.

Kwa hiyo shemeji mwambie hivi: matajiri wapo, ni wachache mno. Wengine wengi, hata wenye majina, wanafundisha vyuoni, wanasindikiza waimbaji, wanaongoza kwaya, na matamasha ni sehemu ya mkate. Isata Kanneh-Mason wa Uingereza, ambaye mama yake alizaliwa Sierra Leone, ni mfano mzuri wa gharama iliyo nyuma ya jina. Nyumbani kwao Nottingham walikuwa watoto saba, wote wa muziki, na Jumamosi kwa miaka mingi ilikuwa ni safari ya alfajiri kwenda London kwa masomo. Wazazi walikuwa na waalimu karibu, na treni. Na kuna maisha ya piano yasiyofanana kabisa na hayo: Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou wa Ethiopia alisoma muziki Uswisi akiwa msichana, akawa mtawa, akatunga na kurekodi piano yake na kuitolea fedha kwa ajili ya yatima. Alifariki Jerusalem mwaka 2023, akikaribia miaka mia, na dunia bado inamsikiliza.

Kutapika. Pole yake, namjua mtoto huyo, nilikuwa yeye. Mwili ukiona macho mengi unafikiri ni hatari: moyo unakimbia, damu inaondoka tumboni na vidoleni, mikono inakuwa baridi, tumbo linakataa chakula. Haimaanishi hana kipaji wala hana imani, na tafadhali wasimfanyie mkutano wa maombi kila mara kana kwamba ana pepo, maana hofu ya kutazamwa inaongezeka kwa kutazamwa. Dawa ni dozi ndogo nyingi. Apige mbele ya bibi. Wiki ijayo mbele ya jirani wawili. Kisha darasa la Jumapili la watoto, ambao hawajui kukosoa. Ale kitu chepesi saa mbili kabla. Ajifunze kuanzia katikati ya wimbo, mahali sita tofauti, ili akipotea awe na mlango wa karibu wa kurudi. Anayejua kuanzia mwanzo tu ana haki ya kuogopa. Na kupiga bila karatasi si sheria ya Mungu. Ni desturi iliyosambaa karne ya 19, Clara Schumann na Franz Liszt wakiwa miongoni mwa walioianzisha, na Richter huyo huyo uzeeni alipiga akiwa na nota mbele yake. Kuna vidonge vya moyo ambavyo wanamuziki wengine humeza kutuliza mtetemeko. Asipewe na mtu yeyote ila daktari. Kwa mwenye pumu ni hatari. Akianza kutapika hata siku za kawaida, au kukonda, au kukwepa shule, hilo nalo lipelekeni hospitali.

Shule asiache. Ana upimaji wa Kidato cha Pili, kisha Kidato cha Nne, na karibu kila chuo cha muziki kitataka vyeti hivyo kabla ya kumsikiliza. Mkono ukipona, saa moja na nusu kwa siku iliyogawanywa mara tatu inazidi saa nne za kukandamiza. Mtafutie mwalimu wa piano Iringa au Mbeya, hata kwa mara mbili tu kwa mwezi, na katikati amtumie video. Baada ya mwaka hivi anaweza kujaribu mitihani ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, yenye ngazi nane. Tangu 2020 upo mtihani wa kupiga unaofanywa kwa kutuma video, kwa hiyo Mafinga si mbali tena. Akifika ngazi za juu kabla ya kumaliza Kidato cha Sita, milango ipo ndani ya nchi: Chuo Kikuu cha Makumira karibu na Arusha kina shahada ya muziki, Dar es Salaam wanafundisha, Zanzibar kuna chuo cha DCMA tangu 2002. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada kubwa, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachowakwamisha Watanzania huko ni mambo mawili, mtihani wa kuingia, ambao ni mgumu kweli, na fedha ya kujikimu unayotakiwa kuonyesha kupata viza, karibu euro 12,000 kwa mwaka.

Hapo ndipo miti yako inapoingia, baba, na ndiyo maana nimeichelewesha. Wewe unajua kuliko mimi paini ya miaka tisa inauzwaje na ya miaka 18 inauzwaje. Miaka tisa kutoka sasa binti atakuwa na 23. Ni umri ule Mmarekani Van Cliburn aliposhinda mashindano ya Tchaikovsky Moscow mwaka 1958, na ni umri ambao mwanafunzi wa kawaida wa piano anahitaji fedha halisi: ya viza, ya shahada ya pili, ya nauli za kwenda kusikilizwa. Ukivuna leo utamnunulia kabati la Iringa na tiketi ya ndege kwenda kufeli mtihani. Usikate. Piano ya umeme itafute kwa njia nyingine, hata kwa kukusanya mwaka mzima. Mkono wenyewe unahitaji muda.

Lipo jaribio moja ambalo nawapa wote wanaonijia na ndoto hii, nawe mpe akishapona. Achague wimbo mfupi asioujua, ulioandikwa kwa mistari mitano, ukurasa mmoja. Wiki mbili, bila mtu kumsaidia. Ajirekodi siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, na baada ya kila rekodi aandike kwenye daftari makosa anayoyasikia. Wazazi hudhani natazama vidole kwenye video ya mwisho. Mimi nasoma daftari. Mtoto anayeandika "nimekosea nota" mara tatu, huyo anapenda jukwaa. Anayeandika kwamba mkono wa kushoto ulifunika wimbo, kwamba aliharakisha pale penye ugumu, halafu rekodi inayofuata inaonyesha amerekebisha moja na kugundua lingine, huyo naweza kufanya naye kazi miaka kumi bila kuchoka, awe wa matamasha au wa Usharika wa Mafinga.

Ukishatoka kwa daktari niandikie alichosema, pamoja na urefu wa kiti anachokalia na urefu wa vibonyezo, kwa sentimita, kutoka sakafuni.